Ugonjwa Uliopelekwa Kikaoni

Miezi mitatu nilikuwa ninawashwa mahali ambapo mtu hajikuni mbele za watu. Kazi yangu huku ughaibuni ni kusafisha ofisi karibu na Schuman, ghorofa nne, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na kazi hiyo ina kuinama kwingi. Nikiinama ninaungua, nikisimama ninawashwa. Wenye ofisi wakifika nawaamkia "bonjour" na meno nimeyauma. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka hata kukasirika, na wanaonijua watakwambia kwamba kwa Rukiya hilo si jambo dogo.

Nilijitibu kama nilivyofundishwa. Somo wangu kule Buyenzi, Bujumbura, aliyenifunda kabla sijaolewa, alisema mwanamke msafi hujiosha hadi ndani, kwa maji ya uvuguvugu yenye shabu kidogo, lile jiwe jeupe la kukaza. Basi nikaosha asubuhi na jioni. Hali ilipozidi nikaongeza siki. Kwa yeyote mwenye akili kama zangu nasema hivi: siki usijaribu.

Na aliyeniletea balaa hilo nilimjua, au nilidhani ninamjua. Mume wangu Kadiri alikwenda Bujumbura kumzika shangazi yake aliyemlea, akakaa majuma sita. Aliporudi haukupita mwezi nikaanza kuwashwa. Kwetu mwanamke akiumwa huko, mume ametembea nje, na hakuna anayetafuta maelezo mengine. Kadiri ni mlinzi wa ghala hapa mtaani kwetu Anderlecht, mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache ukimshuku hajui hata kujitetea. Nilimwuliza mara moja tu. Akasema hapana. Sikumwuliza tena, nikampeleka kwa wazee.

Mambo ya ndoa sisi hatuyapeleki kwa wakili wala kwa wale mabibi wa manispaa wenye sauti laini. Yanapelekwa kikaoni. Na kwa kuwa wazee wako Buyenzi na sisi tuko Anderlecht, kikao hukaa ndani ya simu. Jumapili moja baada ya swala ya alasiri simu ikawekwa mezani, sauti imefunguliwa, wanaume watano upande wa pili, na mkubwa wao Mzee Jamal, baba mzazi wa Kadiri. Nikasema mtoto wao ameniletea ugonjwa.

"Ugonjwa gani?" Mzee Jamal aliuliza. "Useme wazi, mukwe wangu. Kikao haiwezi kuhukumu kitu haijui."

Nilifungua mdomo, neno likakwama. Mimi mbele ya baba mkwe hata kula nilikuwa naona haya, sembuse kutaja sehemu hizo. Nikasikia wazee wanakohoa, wanasubiri. Kadiri akainama kwenye simu.

"Ni mimi," akasema. "Nimekosa. Musimuulize tena."

Wakamtoza faini ya mbuzi kwa wazee na vitenge viwili kwangu. Mbuzi aliliwa juma lile lile. Vitenge nilivitupa juu ya kabati bila kuvifungua, nikahamia chumba walichokiacha watoto wetu walipooa na kuolewa, na nikaanza kutafuta nyumba ya peke yangu. Nikaipata, chumba kimoja na jiko, naingia mwisho wa mwezi. Miaka ishirini na minne ya ndoa nilikuwa nimeipanga kwenye masanduku mawili.

Lakini sikutaka kuondoka na ugonjwa wa Kadiri mwilini. Ndipo nikaenda kwa Lina.

Lina ni Mhindi wetu. Amezaliwa Bujumbura, baba yake alikuwa na duka la dawa mtaa wa Wahindi, na Kiswahili chake ni chetu. Siku hizi anatibu kwa Ayurveda, ule uganga wa kale wa Kihindi, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, karibu na Porte de Namur. Wanawake wote wanaopanda ngazi zile husema wanaumwa kichwa.

"Bon, keti," alisema. "Na usiniambie ni kichwa."

Nikamweleza yote. Kuwashwa, kuungua nikikojoa, uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Nikamweleza na shabu. Na siki.

Akavua miwani. "Siki, Rukiya?"

"Kidogo."

"Kule ndani kunajioshaka kwenyewe. Mungu ameweka walinzi. Wewe unaingia na shabu, unaingia na siki, unafukuza walinzi wote, alafu unashangaa wezi wameingia."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikamwonyesha kwa kidole machupa yake: majani ya mwarobaini yaliyokaushwa, manjano, ule unga wa matunda matatu anaouita trifala. Nilikuwa nimesikia habari zake. Unachemshwa, unachujwa, unaachwa upoe, kisha mtu anajiosha nao. Nikamwambia anifungie nyingi.

"Hiyo ni ya nje tu, haiingii ndani," Lina akasema. "Na ni ya muntu mwenye nimeshapima. Lete mukono."

Akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wangu, akafumba macho kwa muda mrefu, nikafikiri amelala. Akatazama ulimi. Kisha yakaanza maswali ambayo niliona hayahusiani na lolote.

"Usiku unaamuka mara ngapi kukojoa?"

"Mara quatre. Siku zingine cinq." Mara nne au tano, nilihesabu kwa Kifaransa cha kazini.

"Kiu?"

Nilikuwa na chupa mbili za maji mkobani, zote tupu, na ilikuwa bado saa nne asubuhi.

"Na hii kukonda?"

Sketi yangu ilikuwa imeshikwa na pini. Nilimwambia ni huzuni, ana haki ya kukonda mwanamke aliyefanyiwa yale. Lina hakunipa pole. Aliuliza mama yangu alikufa na nini.

"Sukari," nikasema, na mdomo ukabaki wazi.

"Vitabu ya kwetu, ya zamani sana, inaita hii mukojo ya asali. Wazee waliona sisimizi wanafuata mukojo ya mugonjwa. Sukari ikijaa mu mwili, fangasi inapata chakula, inamea kule chini. Unaosha, inarudi. Donc, basi, leo siwezi kukuuzia kitu."

"Nimepanda ghorofa tatu, Lina."

"Na utashuka, uende kwa daktari. Leo. Dawa yangu itakutuliza siku tatu, utasema umepona, na sukari itaendelea kukula miguu na macho. Ukishapimwa, rudi. Tutasema mambo ya chakula, na ile ya kujiosha kama daktari amekubali."

Nikamwuliza swali moja, na nililiuliza nikitazama sakafu. "Na bwana? Si ni yeye aliniletea?"

"Fangasi? Hiyo inaishi mu mwili ya muntu mwenyewe, inangoja nafasi. Haiombi bwana. Hata masista wanapanda hapa nayo."

Nilishuka zile ngazi. Niliogopa. Sukari niliijua, nilimwuguza mama yangu mpaka mwisho, na bado si sukari iliyonitisha. Nilimwogopa Kadiri, uso wake siku nitakapomwambia.

Daktari wetu wa Anderlecht, madame Anneleen, alinichoma kidole, akatazama kimashine chake, akasema "deux cent quatre-vingt-sept", mia mbili themanini na saba, kwa sauti ambayo mtu hatumii kwa habari njema. Alinipima na huko kwingine kwa kijiti cha pamba. Baada ya siku nne majibu yakatoka: fangasi, basi. Magonjwa yote yanayoletwa na mwanaume aliyapima, na hakuna hata moja. Akaniandikia vidonge vya sukari na dawa ya kuweka ndani, akakataza shabu na siki kabisa, akaniuliza ni nani aliyenituma kwake. Nilipomwambia alicheka kidogo, akasema nimshukuru huyo bibi.

Nilifika nyumbani siku hiyo hiyo, Kadiri anapiga pasi sare yake ya kazi. Nilibaki mlangoni na koti mwilini.

"Majibu imetoka," nikasema. "Ni sukari. Fangasi na sukari. Haikutoka kwa muntu."

Aliendelea kupiga pasi kola. "Bon. Sukari wanaitibu."

"Kadiri, ulitembea ao hukutembea?"

"Uliniuliza siku ile, nikakuambia hapana. Bado ni hapana."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

Akasimamisha pasi. Alitazama lile shati kama limeandikwa jibu.

"Papa alikuambia useme wazi," akasema. "Niliona uso yako. Wanaume watano, na papa yangu mwenyewe. Nikasema, huyu akilazimishwa kutaja vile leo, hatainua tena kichwa mbele yao. Mimi nitainua. Mwanaume akitembea wanamugombeza, wanakula mbuzi, inaisha."

"Nilikuwa ninaondoka. Nimeshapata nyumba."

"Najua. Nilichoka, Rukiya. Nilifikiri siku ukipona utaniuliza tena."

Nilikaa kwenye kiti na koti langu. Nilijichukia, nalisema bila kupamba. Nilikuwa nimemvua nguo mtu mbele ya baba yake, naye wakati ule ule alikuwa ananivisha zake. Nikatafuta simu mkobani. Saa ile wazee wanakuwa wametoka msikitini, wamekaa kwenye baraza ya Mzee Jamal.

"Usipige," Kadiri akasema. "Watakuuliza ni ugonjwa gani."

"Ndiyo."

Mzee Jamal alipokea. Nikamwamkia, nikamwomba aweke sauti juu na awaite wote waliokula yule mbuzi. Viti vikaburutwa. Akasema wamefika, wote watano. Nikaiweka simu mezani.

"Baba," nikasema, "mara ile uliniuliza ugonjwa gani, na sikukujibu. Nakujibu leo. Nilikuwa na fangasi ukeni. Nilikuwa ninawashwa na kutokwa na uchafu, na sababu yake ni sukari iliyo kwenye damu yangu mimi. Daktari amepima. Kadiri hakutembea. Alisema uongo ili anistiri, na mimi nikamwacha abebe. Nawaomba mmwondolee jina hilo baya."

Kadiri alikuwa amenipa mgongo, amesimama dirishani, mabega yanatikisika. Kule Buyenzi mzee mmoja akaanza kusema neno, Mzee Jamal akamkataza. Alipozungumza mwenyewe sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mama yake Kadiri alikuwa na ile kuwashwa," alisema. "Na kiu, na kukonda. Mimi nilisema ametembea. Nilimurudisha kwao, mutoto nikamupa dada yangu. Akafia kule."

Kadiri, ambaye tangu utotoni aliambiwa kwamba mama yake aliondoka mwenyewe, akageuka kutoka dirishani.