Moto Nyuma

Asubuhi ya kufungua shule, binti aliamka kabla ya mama yake, akavaa sare, akala mkate aliowekewa na kuomba mwingine. Mama alisimama na kisu cha siagi mkononi, hajui acheke au alie. Muhula uliopita mtoto huyu alikuwa akikaa kwenye kiti hicho hicho, chai inapoa, machozi yanadondokea sare.

Chanzo kilikuwa sauti. Mungu alimpa msichana huyu sauti nene, ya kutokea tumboni, na darasani kwao wakaona wamepata mchezo. Aliyeanzisha ni kiranja wa darasa, msichana mwenye maneno, ambaye kila asubuhi alimpokea mlangoni kwa adabu ya uongo: "Shikamoo, babu." Wengine wakafuata. Kisha mtu akamrekodi akisoma mbele ya darasa, na sauti ile ikazunguka kwenye kundi lao la simu mpaka kwa watoto wasiomjua. Basi, akanyamaza. Alianza kunyamaza shuleni, akaja kunyamaza na nyumbani. Chakula hataki, usingizi haupati, anajifungia chumbani na mto juu ya kichwa.

Baba alisema ni umri tu, utapita. Umri gani huo, jamani, unaomfanya mtoto aogope koo lake mwenyewe? Mama akampeleka kliniki, na mshauri wa huko ndiye aliyesema la maana. Angeendelea kumwona, aliwaambia wazazi, lakini na wao watazame mtoto anashinda kati ya watu gani. Likizo ilipoanza, mama akampeleka kwa mdogo wake mwenye bekari, kwa makubaliano kwamba shule zikifunguliwa, binti mwenyewe ataamua kama anarudi au anaacha.

Bekari ile, wee, ilikuwa kelele tupu. Mashine ya kukandia unga inanguruma, trei zinagongana, watu wanatupiana maneno toka asubuhi. Ila sheria ilikuwa moja. Ukitoa trei tanurini unaita, "Moto nyuma!" na aliye mbele yako anajibu, "Pita!" bila hata kugeuka. Siku ya kwanza binti alipewa trei, akaibeba kimya. Fundi wa tanuri akarudi nyuma, kiwiko chake kikakutana na bati la moto, na skonzi zote zikasambaa sakafuni. Binti aliganda akisubiri matusi. Fundi alikuwa jitu la miraba minne lenye sauti nyembamba kama filimbi. Aliweka kiwiko chini ya bomba, akamtazama.

"Mwanangu, hapa ukikaa kimya unaunguza watu. Ita tu, vyovyote itakavyotoka."

Trei iliyofuata, binti alivuta pumzi akaachia. Sauti ikajaa chumba chote mpaka kwenye kaunta ya mbele. Akangoja kicheko.

"Pita!" wakajibu wote, mikono ndani ya unga, hakuna aliyegeuka.

Baadaye, wakinywa chai, fundi alilalamika kwa filimbi yake kwamba hili koo la binti lilikuwa lake, ila siku Mungu anagawa sauti alichelewa foleni. Mama mdogo akamwambia na akili pia alichelewa. Wakacheka, fundi kuliko wote, na binti akajikuta anacheka nao. Kumbe mtu anaweza kutaniwa na hamu ya kula ikabaki! Ilimchukua muda kuona tofauti ilipo. Hapa utani ulikwenda na kurudi. Aliyekutania alikaa pale pale akisubiri umrudishie, na usiporudisha, ananuna. Haikupita muda akawa anamwita fundi "bibi," na jitu lile linaitika. Usingizi ukarudi, mashavu yakarudi. Siku moja mama alikuja kumtembelea, akamsikia mwanawe akicheka kabla hata hajavuka barabara, akaegemea ukuta akalia kwa furaha mbele za watu. Alipomuuliza kuhusu shule, jibu lilikuwa tayari: anarudi, anazitaka hesabu zake.

Haya, siku ndiyo hii. Mwalimu alimtuma vitabu stoo, rundo likamfika kidevuni. Kwenye korido nyembamba kiranja na kundi lake walikuwa wameziba njia, migongo kwake. Maneno yote aliyoyapanga usiku yakamtoroka. Lakini mikono ilihisi mzigo, miguu ikashika mwendo wa bekari, na mdomo ukafanya kazi uliyoizoea.

"Moto nyuma!"

Lo! Wasichana waliruka wakabandika migongo ukutani, mmoja kiatu kikamtoka, na mwingine akawa anatafuta huo moto uko wapi. Milango ya madarasa ikafunguka, vichwa vikachungulia. Kiranja ndiye wa kwanza kujikusanya. Akainamisha kichwa kwa adabu ile ile.

"Shikamoo, babu."

Binti akauona uso wa kiranja ukiwageukia wenzake bila kungoja jibu, na furaha ikampanda mpaka masikioni. Huyu maskini hajawahi kurudishiwa!

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema kwa sauti yote aliyopewa. "Hujambo?"

"Sijambo, babu," kiranja akaitika, mdomo umemtangulia, kama alivyolelewa.

Korido nzima ilipasuka kwa kicheko. Kiranja alitazama huku na huku, akitamani ardhi immeze. Binti angeweza kumwacha hapo hapo. Lakini hali ile aliijua vizuri mno, akabaki amesimama na vitabu vyake, akitabasamu, anasubiri.

"Zamu yako," akamwambia. "Nirudishie."

Mwishowe kiranja na yeye akacheka, kidogo, kwa aibu, akasogea pembeni.

"Pita," akasema.