Debe kwa Baiskeli

Mwaka wa 1956 mzungu mmoja alifika Voi akiendesha baiskeli, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope, akaketi kwenye hoteli yangu ndogo ya chai karibu na stesheni. Nilidhani motokaa yake imeharibika njiani.

"Motokaa iko wapi, bwana, tukutafutie fundi?"

"Motokaa nimeiacha kwetu," akajibu kwa Kiswahili cha kitabuni. "Na nyumba kubwa pia. Nataka kuishi na vitu vichache."

"Umefukuzwa?"

"Hapana, mama. Nimechagua."

Nikammiminia chai bila kuelewa. Akawa anaangalia chumba changu pale nyuma: kuta za udongo, sufuria mbili, mkeka, koroboi. Uso ukamlainika kama mtu aliye kanisani.

"Mama, maisha yako ndiyo ninayoyatafuta."

Nikaudhika, na sikujua naudhikia nini. Ananisifu au ananicheka? Tangu nikiwa msichana nateka maji mtoni na debe kichwani, shingo inaniuma mpaka leo, halafu huyu amekanyaga baiskeli nchi nzima kuja kuyatamani haya haya?

"Basi tubadilishane," nikamwambia. "Chukua nyumba, na debe lake. Mimi nipe baiskeli."

Alicheka sana, akasema mimi ni mcheshi. Akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta machozi.

Mimi nilikuwa nimeshaushika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili, nikimsubiri amalize.