Bazilio Kwenye Mashine ya Kutembea

Mume wangu Bazilio hajawahi kuumwa. Ndivyo asemavyo yeye. Hata siku ile alipokaa chini katikati ya mihogo kule Kumsenga, mkono kifuani, jasho kama aliyenyeshewa, alisema anatazama mchwa.

Madaktari wa moyo walipokuja Kasulu kwa wiki moja, nikamburuta. Wakampandisha kwenye mashine yenye mkanda unaotembea, nyaya zimebandikwa kifuani, skrini inachora mapigo. Mkanda ungeongezwa kasi kidogo kidogo.

"Ukibanwa kifua, babu, sema palepale," nesi Esteri alimwambia.

Nilijua hatasema. Wakimwona mgonjwa watamkataza jembe, na kwake mwanamume asiye na jembe ni mgeni nyumbani mwake.

"Unajisikiaje, babu?"

"Salama, mwanangu."

Mkanda ukaongezwa.

"Na sasa je?"

"Salama kabisa."

Midomo ilishaanza kupauka. Daktari alitazama skrini. Mimi nilitazama shingo ya Bazilio, mshipa unarukaruka. Nipige kelele? Kwetu mke kumkatiza mumewe mbele za watu si jambo dogo. Nikamwendea kwa mchezo wetu wa shambani.

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu, akihema.

"Natembea kutwa, sijatoka mlangoni."

"Ni mimi... hapa!"

Esteri akacheka. Mimi sikucheka. Mkanda ukaongezwa tena.

"Kitendawili!"

"Te... ga."

"Nikilima asubuhi yuko mbele, nikirudi yuko nyuma, na hanisaidii."

Kivuli. Hata wajukuu wanakijua, yeye ndiye aliyewafundisha. Akapiga hatua mbili, tatu.

"Nakupa mji," akasema. "Chukua... Kakonko."

Miaka arobaini Bazilio hajawahi kunipa mji. Hubisha mpaka jua linazama.

"Simamisheni!" nikapaza sauti. "Anaumwa huyu! Anawadanganya!"

Daktari akageuka. "Mzee, kifua kinabana?"

"Kidogo tu. Tangu... pale mwanzo."

Wakasimamisha, wakamlaza, wakamwekea dawa chini ya ulimi. Daktari akasoma karatasi ya mistari polepole mno.

"Moyo haupati damu ya kutosha. Nawaandikia rufaa, mwende wiki hii hii. Na jembe, mzee, basi."

Bazilio akageukia ukuta. "Umeniumbua mbele za watu, Mama Immakulata."

"Nimekuumbua."

Esteri akaanza kubandua plasta, nywele za kifua zikafuatana nazo.

"Yoo! Polepole, naumia!"

"Rudia hapo, Baba Immakulata," nikamwambia, machozi yakinitoka. "Rudia, daktari asikie."