Picha Iliyopinda

Mama mkwe wangu akija kwenye kliniki yetu ya meno, jengo zima linajua. Siku hiyo alikuja ameshika shavu la kulia, na kabla sijamfunga kitambaa cha kifuani alishaniambia glavu zangu zimelegea. Nikameza hasira. Miaka kumi na miwili nawapiga watu picha za meno, na miaka kumi na miwili huyu mama hajaridhika na kitu chochote nilichofanya.

Akaonyesha gego la juu. Lo, katika meno yote, lile! Waya wa meno yake bandia umeshikilia hapo hapo. Likitoka, yale manne ya mbele hayana pa kukaa, na yeye ni mtu wa kucheka mdomo wazi. Nilimwonea huruma kweli, lakini alisema maumivu yamemchosha, ling'olewe.

Nikamwekea mdomoni kile kibamba cha kunasia picha, nikamsihi anyamaze kidogo tu. Wapi! Akaanza kunisifia upishi wa wifi yangu, kibamba kikateleza, nami kwa hasira nikabonyeza kitufe cha kupigia. Picha ikatoka imepinda, gego la juu limekatwa nusu, la chini limejitokeza bila kualikwa. Picha za namna hiyo huwa nazifuta kabla mtu hajaziona.

Safari hii sikuwahi. Tangu Jumatatu kompyuta yetu ina akili bandia inayosoma picha papo hapo. Mama alipoelezwa alisema meno bandia ameshayazoea, hiyo akili wapewe wengine. Sasa kiboksi chekundu kikawaka kwenye gego la chini, chini ya zibo la tundu la zamani: uozo, karibu kabisa na mshipa wa fahamu.

Daktari alikuwa ameshashika sindano ya ganzi. Nikamwita kwa sauti nisiyoitumia kazini. Akaitazama ile picha, akasema mashine imetuonyesha tu, kuhakikisha ni juu yetu, maana jino la chini likiugua mtu anaweza kuona linauma la juu. Akagusisha pamba ya baridi gego la juu. Mama akasema ni ubaridi tu, tuache kumchezea. Akagusa la chini. Mama aliruka, akaning'ang'ania mkono mpaka glavu ikachanika.

Jamani, nilivyofurahi! Mkono unauma, mimi nacheka. La juu halikuguswa. La chini likafunguliwa, likasafishwa mpaka kwenye mizizi, likazibwa upya.

Alipoinuka akataka kuiona hiyo picha. Akaikagua kama anavyokagua sufuria zangu.

"Imepinda," akasema.

"Imepinda, mama."

"Leo umekosea vizuri, mwanangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Akacheka, upande mmoja umekufa ganzi, meno yote manne yako mahali pake.