Bibi Juu ya Utando

Niliota, usiku wa jana, kwamba meza yetu ya maabara imepasuka katikati ikawa korongo, na ng'ambo amesimama Bibi Somoe, mama yake mama, na kapu la mihogo kichwani.

"Kidawa! Nakuja. Daraja liko wapi?"

Daraja lilikuwa utando wangu wa plastiki, ule unaochanika kila nikiubandua kwenye kipande cha kioo ninachoutengenezea. Mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Bibi akaukanyaga bila kusubiri jibu.

"Ongeza tabaka," kioo kikaniambia. "Gundi, udongo, gundi, udongo. La sivyo, ataanguka."

Nachovya utando kwenye gundi. Uzi wa gundi unatoka kwenye beseni ukijinyoosha kama mtu aliyeamshwa. "Chaji yangu ni chanya," unasema. "Ndugu yangu simtaki karibu. Niletee wa hasi."

"Wa hasi ni mimi," kinajibu kibapa cha udongo, chembamba kama gamba la samaki. "Lakini aoge kwanza. Silali kitanda kimoja na mchafu."

Gundi inaoga, udongo unalala juu yake. Udongo unaoga, gundi inalala juu yake. Wanatukanana, na kadiri wanavyotukanana ndivyo wanavyoshikana.

"Mke mwenzangu!" Bibi ananiita, hatua kwa hatua. "Babu yako alikosea kukuoa. Hata kutandika hujui!"

"Lakini mimi alininunulia kanga. Wewe umeachiwa mihogo!"

Udongo ukaisha. Bibi yuko katikati, utando unalia chini ya visigino vyake. Namimina gundi juu ya gundi. Zinasukumana kama watoto kwenye foleni ya uji.

"Udongo zaidi!"

"Hakuna," kioo kinasema. "Tafuta yeyote wa hasi."

"Nimtoe wapi?"

"Nani humbishia Bibi tangu anajifunza kusema? Kaoge."

Naoga. Najilaza juu ya gundi. Bibi ananipanda mgongoni, yeye na kapu lake.

"Mifupa mitupu! Marehemu alikuwa anakumbatia nini?"

"Alikuwa anapumzika, mbali na kelele zako!"

Kila akinitania, nanata zaidi. Sikuachia. Kandambili yake moja ikakwama begani kwangu. Akaiacha, akavuka, akaanza kulalamika kwamba upande huu hauna kiti.

Nikaamka simu inaita. Bibi, kutoka Handeni.

"Mke mwenzangu, hujambo? Kandambili yangu ya kushoto siioni tangu alfajiri."

Nikageuza shingo. Iko begani.

Nikaivuta. Gauni likachanika, kandambili haikutoka.