Kanga Mdomoni mwa Siwema

Siku hiyo Siwema alirudi kutoka ofisi ya msaada wa kisheria, ile inayowatetea wasio na uwezo bila malipo, akajitupa mkekani baada ya adhuhuri huku hasira zikimchemka. Hasira kwa nani? Kwa nafsi yake. Wakili Bi Nasra alikuwa amemuuliza waziwazi, "Mbwana alikuwa anakupiga?" Naye, mwanamke wa Tanga mwenye ulimi wa kumsuta yeyote pale mtaani, akajibu kinyonge, "Tulipishana kauli tu." Siku ya harusi somo yake, Bi Mwanaidi, alimfunda kwamba ya chumbani hayatoki chumbani. Na kesho Mbwana, waliyekwisha achana naye, anasimama mahakamani kudai apewe Rukia, binti yao wa pekee. Usingizi ukamchukua Siwema akiwa bado anajilaumu.

Akajiona katika mji wa nyumba nyeupe zisizo na madirisha. Langoni akapokewa na Haya, bibi mpole anayenukia udi, aliyemfunga kanga mdomoni kwa mikono laini, na Siwema akamwachia kama alivyozoea. Uwanjani Uongo alikuwa akihutubia, kavaa kofia ya viua ya Mbwana, akisema kwa ufasaha wa kuudhi kwamba mtoto hatunzwi, hashibi, hana mama wa maana, na watu wakimshangilia. Mbele yake aliketi Haki, mtu mzima mwenye masikio makubwa, na pembeni Rukia alisimama peke yake, akimtazama mama yake. Siwema akajaribu kupiga ukelele, sauti ikaishia kwenye kitambaa.

Ndipo akatokea mwanamke mrefu, shingo imenyooka.

"Mimi Fahari," alisema. "Usinikimbie. Walionisema vibaya kwako walinifananisha na Kiburi. Nani aliyemlea mtoto huyu?"

Siwema akajinyooshea kidole kifuani.

"Nani aliyekaanga mihogo ya kuuza kila alfajiri mpaka akamvalisha sare za shule? Basi mwambie Haki. Yeye hapenyi kuta za watu, anajua anachoambiwa tu."

Siwema akamtazama Haya, akiomba ruhusa kwa macho. Yule bibi akainama kwa huzuni. "Mwanangu, kanga hii nilikufunga uistiri nyumba yako. Mbwana kaibomoa, nawe bado unamstiri yeye?" Akaanza kulifungua fundo kwa mikono yake mwenyewe. Siwema akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Mama, mbona unapiga kelele?" Rukia alikuwa anamtikisa bega.

Siwema akakaa kitako, na maana ya ndoto ikamjia yote kwa pamoja. Akamshika mtoto mkono, wakaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaidi, ambaye kila baada ya vituko vya Mbwana alimkanda uvimbe kwa maji ya chumvi asiulize kitu.

"Shikamoo somo. Narudi kwa wakili kusema yote. Na shahidi wangu ni wewe."

Macho ya Bi Mwanaidi yakalengwa na machozi. "Marahaba, mwanangu. Mimi nilingoja useme, kumbe wewe ulingoja nikuruhusu." Akaingia ndani, akatoka amejitanda doti ile ile aliyovaa siku ya kumfunda. "Siku ile nilikupeleka kwa mume. Leo nakupeleka kwa wakili."

Wakashika njia watatu hao. Majirani vibarazani wakauliza, kama kawaida yao, safari ya wapi.

"Kwa wakili, na kesho mahakamani!" Siwema akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka mtaa wa pili. "Namtetea mwanangu!"