Sahihi ya Shemeji

Jokébed aliuma kitenge mpaka kikachanika. Saa tatu asubuhi maumivu yalimwangusha katikati ya shamba la muhogo kule Kalunguta. Saa tano alikuwa kitandani hospitalini Butembo, akitapika nyongo. Aliyajua maumivu hayo. Miaka miwili nyuma kifuko chake cha mayai cha kushoto kilijisokota hivyo hivyo, watu wakajivuta, kikaoza, kikatolewa. Sasa kimejisokota cha kulia, na hana kingine.

"Hiki hapana kutoa," daktari Bénite alimwambia. "Tunafungua, tunakinyoosha, tunakishona kisijizungushe tena. Utazala. Lakini ni sasa hivi."

"Fungua, docteur."

"Bwana yako asinye karatasi kwanza, atie sahihi. Bila ile, bakubwa ya hapa batanifukuza."

Mumewe, Kambere, alikuwa Mangina kwenye kakao. Alipopigiwa simu alisema neno moja tu: "Yaya Maliro njo anaamua." Kaka yake huyo ndiye aliyepeleka mbuzi wa mahari, na katika ukoo wao aliyepeleka mbuzi ndiye mwenye kauli juu ya mwili wa mke. Kambere akakata simu, mwanamume mzima!

Maliro alifika saa nane, koti limenyooshwa pasi.

"Mulimukata mara ya kwanza, mutoto hapana. Munataka kukata tena? Mbuzi yetu ilioa tumbo, haikuoa kovu."

"Mie minajua kuandika!" Jokébed akainyakua kalamu ya bic ya daktari. Alikuwa amefika herufi ya tatu ya jina lake Maliro alipomshika vidole, akavipinda nyuma mpaka kimoja kikavunjika. Bénite akamrukia, akasukumwa, kichwa kikagonga ukuta. Mlinzi alikuja mbio.

"Muzee, huyu ni bibi ya nani?"

"Ya kwetu."

Mlinzi akaomba radhi, akarudi getini.

Saa kumi na mbili jioni, homa ilipompanda Jokébed hadi akaanza kuweweseka, Maliro alitia sahihi. Mke angekufa mikononi mwao ingekuwa kesi na wakwe.

Bénite alifungua tumbo, akatoa kitu cheusi, kimekufa tangu mchana. Alikuwa analia kwa hasira alipomkuta Maliro mlangoni, ameshika chupa tupu ya mayonezi.

"Tia humu. Kesho baba yake aone kwa macho, arudishe mbuzi yetu."

Bénite alikataa. Maliro akaingia mwenyewe, akakichukua kwenye beseni.

Nyuma ya pazia Jokébed alizinduka.

"Docteur," akaita kwa sauti ndogo, "mulikishona muzuri?"

Maliro alikuwa anakaza kifuniko.